Minara Mitatu na Jibu la Adabu

Jumatatu, 3 Februari
Nimetoka kupalilia karanga, miguu tope mpaka magotini. Nikapanda tena kile kichuguu nyuma ya zizi kumpigia mkwe wangu, mume wa Neema, yuko duarani, shimoni huko Geita, anachimba dhahabu. Imeita, ikakatika. Tena, ikakatika. Minara mitatu naiona kwa macho yangu: wa mlimani, wa barabara ya Kagongwa na wa upande wa Buzwagi. Mitatu, na hatusikilizani.

Neema mwanangu amekuja kujifungulia kwangu. Uzazi wa kwanza alipasuliwa. Nesi ameagiza uchungu ukianza tu tupige simu, gari la kituo cha afya lije. Simu ipi? Ee Mungu, simu ipi?

Jumatano, 5 Februari
Mafundi wa kampuni wamefika. Mkubwa wao ni dada, Rehema, kofia ya njano, mpole. Amekula viazi vyangu bila maringo. Anasema minara yote ilikuwa inapaza sauti kwa pamoja, simu inachanganyikiwa imsikilize nani. Sasa itapangwa: mmoja ukihudumia upande huu, mwenzake unapunguza sauti. Lakini ili wajue nani apunguze, lazima simu zijibu. Zamani zilituma maelezo marefu, na maelezo yenyewe yakajaza njia. Safari hii tarakimu moja tu. Kila jioni utaingia ujumbe: Habari za mtandao hapo ulipo? Moja ni nzuri, mbili ni mbaya. Basi.

Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana. Akacheka, ni mtu wa Tanga. Leo nimesali kwa moyo mwepesi.

Jumatano, 12 Februari
Nina hasira. Mtandao umekufa kabisa. Hata kichuguuni hakuna kitu.

Nilikuwa Kagongwa sokoni, nikampigia Rehema kutoka huko. Eti upande wetu wote tumejibu moja. Wote. Kwa hiyo mnara wa mlimani umepunguzwa, nguvu wamepewa wenye shida. Nikamuuliza nani ana raha huku. Akasema, "Mama, mimi nasoma mlichojibu." Aje alale hapa na mjamzito ndipo asome.

Nimefika nyumbani nikamuuliza Baba Neema, maana namba ya nyumba yetu waliyoandikisha ni yake.

"Mtu akikuuliza habari utamjibu mbaya?" akasema. "Hata mwenye homa anasema nzuri kwanza. Shida inafuata baadaye."

"Inafuata wapi? Pa kuiandika hakuna."

"Basi waweke."

Nimemwekea ugali wake, mimi nikala na Neema jikoni. Mwanaume mzima anafanyia adabu chuma.

Jumamosi, 15 Februari
Jumuiya ilikuwa kwa Mama Kulwa. Baada ya rozari nikaomba kusema. Nikawauliza nani kabonyeza moja. Halafu Mama Kulwa akasema yeye alibonyeza, akangoja aulizwe za watoto, hawakumuuliza, akaona wamekosa malezi. Tumecheka. Mimi nilicheka na machozi yalikuwa karibu.

Nikawaambia, kila siku tunapiga magoti tunamweleza Mungu ubaya wetu wote bila kuficha, halafu mnara ndio tunauonea haya. Huyo si mgeni, jamani. Hatanuna.

Mzee Masanja akapinga. Kujiandikia mbaya kila jioni ni uchuro, mtu anajiitia balaa. Nikamwonyesha Neema alivyokaa, miguu imevimba kama mihogo. Nikamwambia balaa ni hilo, baba, likikosa gari. Wengine wamekubali.

Jumatatu, 17 Februari
Majirani wamebonyeza mbili. Mama Kulwa kaja kunionyesha, kama mtu aliyekunywa dawa chungu. Ujumbe wa kujibu wenyewe unapenya kwa kusuasua. Baba Neema anaishika simu yake mfukoni, simwoni anajibu nini. Nimeshindwa kusali vizuri, nikisema Baba yetu namwona yule wa kwangu.

Alhamisi, 20 Februari
Rehema amerudi. Anasema majibu yamegeuka, ameuinua mnara wa mlimani na kuutuliza ule wa Buzwagi usiuingilie. Nimempigia mkwe nikiwa jikoni, mwiko mkononi. Amesikia hata sufuria. Bado nina kinyongo. Tulikuwa hatarini kwa heshima tu.

Jumapili, 23 Februari
Tumetoka misani, Neema akashika ukuta. Nikapiga. Nesi akapokea, nikasema jina, sauti ikakatika katikati. Nikapiga tena. Ikaenda. Gari likaja. Wamempasua salama. Mtoto wa kike.

Jumanne, 25 Februari
Wamerudi nyumbani. Mvua ndogo. Karanga zimeota tena magugu, zitangoja.

Jioni Baba Neema alikaa mlangoni, mjukuu kwenye mkono wa kushoto. Ujumbe ukaingia. Habari za mtandao hapo ulipo? Akautazama sana. Mtoto mzima, mama mzima, simu inasikika mpaka uvunguni. Nikajua atajibu moja.

"Juzi ilikatika mara moja," akasema polepole, hata sikujua kama ananiambia mimi.

Akabonyeza mbili. Kisha akaigeuza simu kifudifudi kwenye kigoda, kama mtu aliyemkosea mgeni.

Nimempelekea uji.