Ngoro za Bondeni

Kijiji Kipya, bondeni chini ya Litembo
2 Machi 1975

Kaka yangu Kilian,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Hali yako huko ziwani? Sisi wazima, isipokuwa matumbo, na hayo si ugonjwa. Mume wangu Nazari anakusalimu, watoto pia, na Baba anauliza kama bado unakula samaki asubuhi kama paka.

Tumekwisha hamia huku bondeni kama serikali ilivyoagiza. Mahindi machanga tuliyaacha mlimani pamoja na kahawa, na nyani wameyafaidi. Sasa tegemeo letu ni maharage. Bwana shamba, kijana wa Tanga, anataka shamba la kijiji lilimwe kwa matuta na mifereji. Baba alisimama mkutanoni akamwuliza amezaliwa mwaka gani. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Baba akasema Mmatengo hulima ngoro: wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, wanawake tunazifukia kwa udongo, na katikati linabaki shimo la kushika maji. Ngoro zilitulisha mlimani, alisema, na zitatulisha hapa.

Mwenyekiti anasita. Baba anataka neno lako, maana wewe ni mtu wa serikali. Nami natamani amshinde yule kijana. Jibu upesi, mbegu iko ndani na watoto wanaitazama.

Mdogo wako,
Ottilia

Kihagara
12 Machi 1975

Mdogo wangu Ottilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mwambie Baba kwamba hao samaki wenyewe siku hizi ni wa kutafuta. Wavuvi nao wamehamishiwa kando ya barabara, na mtu akifika ufukweni na wavu wake jua limeshapanda. Mimi nimepewa kutunza ghala la mahindi ya msaada. Yanakuja kwa meli mpaka Mbamba Bay, ya njano, na wazee hapa wanasema ni chakula cha farasi. Wanayala huku wamenuna.

Nimeicheka sana habari ya mkutano. Baba yuko sahihi. Nchi haiwezi kusimama tena baada ya njaa hii kama tutayadharau tunayoyajua wenyewe. Msomeeni mwenyekiti maneno haya: mimi, Kilian Urbani, naunga mkono ngoro.

Wabusu watoto.

Kaka yako,
Kilian

Kijiji Kipya
4 Mei 1975

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi hatujambo kidogo.

Barua yako ilisomwa mkutanoni, watu wakapiga makofi, na mbegu yote ya kijiji ikaingia ardhini. Nilifukia zile nyasi huku naimba. Kaka, mlimani shimo la ngoro linayazuia maji yasiteremke na udongo. Huku bondeni maji hayana pa kuteremkia. Mvua kubwa ilipokuja yalikaa mle mle, yakapanda juu ya kingo, na maharage yakageuka rangi, yakaoza. Sasa mashimoni kuna vyura. Bwana shamba hakutucheka. Alikaa pembeni ya shamba ameshika kichwa.

Hakuna aliyemtukana Baba. Waliacha tu kumsalimu. Mzee anapita asubuhi mbele ya nyumba za watu, na vijana wanainama kama wanaotafuta kitu chini. Alivumilia, kisha akachukua jembe na blanketi akarudi kwenye nyumba yetu ya mlimani, ile ambayo paa lake tulikwisha liezua.

Sasa kamati ya kijiji imeamua mahindi ya msaada ni ya wanaokaa kijijini tu. Aliyerudi mlimani hapewi. Nampelekea nusu ya fungu letu. Ananiuliza kama watoto wamekula, nasema ndiyo, na ananijua nikisema uongo. Kaka, wewe una ufunguo wa ghala. Mtumie gunia moja.

Mdogo wako,
Ottilia

Kihagara
25 Mei 1975

Mdogo wangu Ottilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole, na pole kwa Baba. Mimi ni mzima wa mwili.

Nina ufunguo, lakini ghala si langu. Jana tumemzika mtoto wa jirani yangu hapa. Baba yake alikuwa akija kuniomba kibaba cha ziada, nami nikamkatalia, kwa sababu nikimpa mmoja nitawapa wote na hakitabaki kitu. Nikimtumia Baba gunia, nitamtazamaje mtu yule? Mbembeleze Baba ashuke. Akishuka atapewa kama wengine.

Nakutumia dagaa niliowanunua mwenyewe. Najua utanichukia.

Kaka yako,
Kilian

Kijiji Kipya
15 Juni 1975

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Sikuchukii. Au nakuchukia, sijui, nimechoka. Dagaa wamefika, ahsante.

Nilipanda jana kumbembeleza kama ulivyosema. Ameanza kulaza nyasi kwenye shamba la zamani, miraba imenyooka kama kawaida yake, lakini hana mwanamke wa kuzifukia kwa udongo, na zimekauka pale pale. Nilifukia chache kwa ajili ya heshima tu. Miguu yake imevimba. Nilimwambia watu watasahau. Alinijibu, "Nitashukaje, Ottilia? Kila mtoto akilia kule bondeni, mimi ndiye ninayeitwa."

Kisha akanikataza nisikuambie habari ya miguu, eti utaacha kazi ya serikali uje. Nimekuambia.

Mdogo wako,
Ottilia

Kihagara
29 Juni 1975

Ottilia,

Dereva Tadei anakuja Mbinga na lori. Atawashushia gunia njia panda. Usiniulize nimelipataje. Mwezi ujao ghala litahesabiwa na nitasema nitakachosema.

Mpikie uji mwepesi kwanza, tumbo lake halitaweza ugali. Na umwambie hivi, usipunguze neno: watu hawakumfuata yeye peke yake, walifuata barua yangu. Sikujua hata bonde lenyewe likoje, nikaandika kwa kujivuna. Hilo kosa tugawane. Ashuke, nami nikipata ruhusa nitakuja tutembee naye kijijini mchana kweupe.

Kaka yenu,
Kilian

Kijiji Kipya
20 Julai 1975

Kaka yangu Kilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na pole sana.

Gunia limefika. Nazari alilibeba kutoka njia panda, na alipofika nalo mlimani tulikuwa tumekwisha mwosha Baba. Barua yako nilimsomea hata hivyo, neno kwa neno, kabla ya kumfunika.

Nilidhani tutamzika sisi wawili na katekista. Mchana nikawaona watu wanapanda, kijiji karibu chote, wamewabeba na watoto. Nililia kwa furaha, kaka. Nikasema wamemsamehe. Nikaomba vyungu kwa yeyote mwenye chungu, nikapika gunia lote, kwa sababu msiba wa Baba usingekuwa wa mkono mtupu. Walikula mpaka vyungu vikakwanguliwa. Kisha wengi wakashika njia kuteremka, na kaburini tulikuwa wachache vilevile.

Nilikasirika kwa siku moja. Halafu nikakumbuka miguu ya wale watoto ilivyokuwa pale walipokaa wakila. Ilikuwa imevimba kama ya Baba.

Kwa msimu ujao kijiji kinalima matuta. Nimekubali, nami niko kwenye kundi la kuchimba mfereji. Wakikuhoji kuhusu gunia, usimtaje Baba, hakuonja hata punje. Sema lilikwenda kwa wenye njaa.

Mdogo wako,
Ottilia