Sili Iliyopakwa Upako

Section 58, Nakuru

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai hamjambo hapo nyumbani na mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila hasira imenijaa.

Inamhusu rafiki yako Maxwel, uliyemsihi aniajiri katika karakana yake ya pampu huku Lanet. Ndani ya pampu kuna pete mbili zinazogusana uso kwa uso, moja ikizunguka na shafti, mhimili wa pampu, nyingine ikitulia. Zikilala sawa, hakuna kinachovuja. Hiyo ndiyo sili. Ya pampu ya josho lenu la kuogeshea ng'ombe niliichora mimi, na nilimwambia mapema kwamba pete alizoleta hazijanyooka. Akanicheka, yeye ambaye hajui hata upande gani wa pete ndio uso.

Siku ya kupima alikuja amevaa suti, na chupa ya mafuta ya upako mkononi. Unamjua: hupaka mlango, hupaka mashine, hupaka hata magari ya wateja. Safari hii alipaka nyuso za pete zenyewe kwa kidole chake kinene, akiomba kwa sauti. Tukawasha. Mafuta yakaziba kwa muda, tone halikutoka, naye akaamuru tuzime upesi na tupige makofi. Wenzangu, watu wazima wenye ndevu, wakapiga.

Nilizifuta pete nikawasha tena. Maji yaliruka hadi kwenye tai yake. Nikamwambia kule joshoni itakayoruka ni dawa ya kupe, na anayesimama kando ya pampu ni ndugu yangu Kiprotich, itampiga machoni. Alijipangusa, akanijibu, "Jemutai, kinachovuja hapo ni imani yako. Pampu inaenda Jumamosi."

Baba, najua umealika chifu na wakulima wote waje kuizindua, na fahali wa kuchinja umeshamchagua. Pampu haitakuja. Nilichukua nyundo nikazivunja pete zote mbili, na hana nyingine. Amenifukuza kazi hapo hapo. Atakupigia simu akulilie, mwache alie.

Wageni waambie ni binti yako aliyeharibu, na unitaje kwa jina. Kama utaona aibu, kwanza mtazame Kiprotich machoni, ndipo uione.

Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, na Mungu awatunze nyote.

Ni mimi binti yako,
Jemutai