Itsue Kurimoto na Bango la Dakika Ishirini

Jumamosi, tarehe 19 Agosti mwaka jana, saa nane na dakika arobaini mchana, Itsue, uliketi chini. Watu wote waliokuwa wakitazama walidhani unapumzika. Mimi nilijua. Miaka thelathini na minane nimeishi na wewe, sikuwahi kukuona ukiketi mbele ya watu miguu imelala upande, mkono mmoja unapapasa chini kama mtu anayetafuta ukingo wa kitanda gizani.

Mwaka umezunguka wote, mke wangu, na hakuna aliyenijibu, ndiyo maana nakuandikia hadharani.

Kwa wasiojua kazi za televisheni: pembeni ya kamera hukaa mtu mwenye mabango ya karatasi. Anayezungumza anasoma humo. Ongeza sauti. Mgeukie mgeni. Funga. Watazamaji hawayaoni. Siku ile, kwenye uwanja wa besiboli, katika kipindi cha kuchangia waliopatwa na maafa, liliinuliwa bango. Ukalisoma. Ukatabasamu lile tabasamu lako la jino la pembeni, ukasimama, ukaendelea kuwachekesha watu dakika kumi na tisa kwenye jua la digrii thelathini na saba. Ukaanguka umeshika shada la maua. Maua yenyewe yalikuwa ya mgeni rasmi, mkubwa wa kampuni ya wafadhili, ambaye gari lake lilikuwa bado njiani. Alipofika, maua alipewa na mtu mwingine. Nimeona kwenye picha. Alikuwa anacheka.

Daktari aliniambia mwenyewe, bila kuzunguka: angetolewa juani pale alipoketi, angepona.

Mimi nilikuwa nyumbani, mjini kwetu Kishiwada, nakutazama kwenye televisheni, nimeacha sindano ndani ya mkeka niliokuwa nashona. Nilipiga simu kituoni. Namba niliyokuwa nayo ni ile inayopita chini ya kioo, ya watazamaji.

"Asante kwa kutupigia. Karibu utoe maoni yako."

"Mtoeni mke wangu juani!"

"Samahani, baba, mke wako ni miongoni mwa watazamaji walioko uwanjani?"

"Mke wangu ndiye huyo anayeongea! Huyo mwenye kofia ya njano! Mtoeni, hajisikii vizuri!"

"Tunashukuru sana kwa maoni yako. Tutayafikisha kwa wahusika."

Dada yule simlaumu, alikuwa na sauti ya mtoto wa watu anayesoma alichoandikiwa. Lakini maoni yangu hayajafika mpaka leo. Na hao wahusika ndio ninaowatafuta.

Itsue, ulikuja kwangu kwa matusi. Nilikuwa nabadilisha mikeka minene ya sakafu kwenye chumba cha kuvalia cha ukumbi wa vichekesho, wewe una miaka ishirini na tatu, hujulikani na mtu, unaigiza mlevi wa tatu katika igizo la walevi watatu. Ukasema, "Fundi, mkeka wako unachoma makalio, umeshona nungunungu humu?" Nikakujibu, "Mkeka hauna kosa, tazama makalio." Wenzako waliacha kupumua. Wewe ulicheka mpaka poda ikakudondoka usoni. Wiki iliyofuata ulikuja dukani kwangu na mfuko wa machungwa.

Ulipopata kipindi chako cha mchana, ulinifanya kichekesho cha nchi nzima. "Bwana Mikeka" ndiye mimi. Sikukanyaga televisheni hata siku moja, lakini sikuweza kununua samaki kwa amani. Mama Someno wa samaki alikuwa ananisubiri mlangoni: "Bwana Mikeka! Mkeo kasema jana unakoroma kama trekta, kweli?" Nami najibu, "Muulize trekta anayelala pembeni yangu." Jioni nakusimulia, na kesho yake unalisema hewani kama lako. Mwizi mkubwa wewe. Siku hizi Mama Someno ananifungia samaki kimya kimya, ananiongezea kipande nisichokiomba. Afadhali angenitania.

Ulikuwa ukifika nyumbani, viatu unavitupa kimoja huku kimoja kule, unamwagia chai kwenye wali uliopoa, unakula umesimama. Kabla ya kila kipindi unaweka mdomoni lile tunda kali lililokaushwa kwa chumvi, unakunja uso wote, halafu unautandaza. Ulisema uso ukishakunjwa sana ndipo unatandazika vizuri.

Watu wanakujua kwa vichekesho. Waliolala kwenye majumba ya michezo ya shule baada ya tetemeko la ardhi wanakujua kwa kikata kucha.

Uliona wewe, si serikali, kwamba bibi wa miaka themanini hawezi kuinama kukata kucha za miguu, na kwamba kucha zikishaingia nyamani hatembei, na asipotembea, kwenye sakafu ile ya baridi, anakufa. Uliwaambia wa kamera wabaki nje. Ukaketi chini, ukashika miguu ya watu usiowajua, mmoja baada ya mwingine, siku tatu. Mimi nilipeleka mikeka kwa lori, ile iliyorudishwa na wateja na ile mipya pia, kwa sababu ulisema, "Bwana Mikeka, sakafu ile ni barafu, na wewe umekaa juu ya mali." Nakumbuka bibi mmoja alikuchungulia.

"Wewe si yule mwanamke wa televisheni?"

"Yule mwenye kelele?"

"Huyohuyo."

"Hapana, bibi. Namjua lakini. Hata mumewe kamchoka."

Bibi akanitazama mimi niliyekuwa nimebeba mkeka mgongoni. "Ndiye huyu? Mbona anaonekana hajachoka?"

Tangu hapo hukuacha. Mafuriko, maporomoko ya udongo, ulikwenda mpaka Nepali na vikata kucha mia mbili ndani ya sanduku, forodha wakakuuliza kama unaanzisha duka. Mapesa na majina makubwa yalikuja baadaye, na mfuko wa misaada ukaanzishwa kwa jina lako, na kituo kikagundua kwamba wema wako unatazamwa kuliko vichekesho vyako. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikwambia. Ukasema, "Wao wana kamera, mimi nina wazee. Tunatumiana."

Baada ya mazishi wakubwa wa kituo walijipanga wanne, suti nyeusi, wakainama mbele ya waandishi wa habari. Niliwahesabia. Walikaa wameinama mpaka nikafika kumi na mbili. Walisema wanasikitika kwa kuwatia watazamaji wasiwasi. Watazamaji! Itsue, waliwaomba radhi watu waliokuwa wamekaa kwenye feni.

Mwezi wa pili Tokie alikuja dukani. Ni yule aliyekupaka poda miaka ishirini. Hakuvua hata koti. Alitoa kitu kirefu kilichozungushiwa gazeti, akasema, "Kaka, nilikiokota kwenye takataka siku ileile. Nimeshindwa kukaa nacho." Lilikuwa bango. Limeandikwa kwa kalamu nene nyeusi: BADO. DAKIKA ISHIRINI. TABASAMU.

Nikamwuliza nani aliandika. Akasema aliyeliinua alipewa tu mkononi, naye anaapa hakumtazama aliyempa. Akaanza kulia, akaenda zake. Kazi kituoni ameacha.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tisa. Lakini mkeka nikiupindua nikatazama mshono, nakwambia ni mkono wa fundi gani wa Kishiwada. Na kila mkeka ninaoshona naandika jina langu upande wa chini, kama baba yangu alivyofanya. Ukioza, ukikunjamana, ukimwangusha mtu, pindua, utajua pa kuja kunigombeza. Nimepindua bango lile. Nyuma ni peupe.

Mwezi uliopita alikuja Bwana Ogaki, mtayarishaji wa kipindi chako, yule uliyekuwa ukimwita Bwana Kesho kwa ahadi zake. Alileta keki na karatasi. Wanataka kipindi cha saa nzima cha kukukumbuka, Jumamosi hii, michango yote iende makambini kwa waliopatwa na maafa. Wanataka saini yangu. Na wanaomba suala la bango "libaki ndani ya familia".

Nikamwuliza, "Nani aliandika?"

"Mzee wangu, uamuzi ulikuwa wa wote."

"Kalamu ilishikwa na wote?"

"Namaanisha, ilikuwa hali ya pale. Hakuna mtu mmoja."

"Bwana Ogaki, kalamu nene kama ile haishikwi na watu wanne. Inashikwa na mkono mmoja. Wa nani?"

Akatazama keki. Akasema nikiendelea hivi, mfuko wako utaingia matope, wafadhili watakimbia, na wazee ndio watakaoumia. Akainama vizuri, akaondoka.

Chiharu, binti yetu, amenikasirikia. "Baba, kule makambini milimani bado watu wanalala chini. Hawana kosa. Mama angesaini."

Nikamwambia, "Mama yako angesaini, ndiyo maana hayupo."

Hajaja tangu siku ile. Simu anapokea, anasema, "Umekula?" Nasema nimekula. Basi.

Mke wangu, kuna jambo sijamwambia Chiharu, nakwambia wewe, na wengine wasikie. Asubuhi ile ulikaa mlangoni umeshika kiatu kimoja. Ulisema, "Leo mwili hautaki." Mimi nilikuwa na mkeka wa mteja wa kumalizia. Sikuinua kichwa. Nikasema, "Ni siku moja tu, Itsue. Kaza kidogo." Ukavaa kiatu cha pili.

Kwa hiyo bango la kwanza lilikuwa langu. Sikuliandika kwa kalamu, lakini nalikubali, jina langu naliweka chini yake: Yasukichi Kurimoto, fundi mikeka. Nimeshasema kosa langu. Lao hawasemi. Kila asubuhi nakuwekea wali na chai mbele ya picha yako, na wali unapoa, na siujui uso wa mtu niliyeshirikiana naye kukuua.

Tukose vyote, wewe hatukukosi mioyoni: mimi mumeo, Chiharu binti yako na mumewe, mjukuu wako Kanata, ambaye bado anasalimia televisheni akidhani utamjibu, dada yako Mitsuyo, Tokie, Mama Someno na mtaa mzima wa soko, na miguu mingi ya wazee ambao majina yao hukuwahi kuyauliza. Ibada ya mwaka ni Jumatatu saa nne asubuhi hapa dukani. Mikeka ni mipya. Haichomi.

Karatasi ya Bwana Ogaki iko mezani, kalamu juu yake. Sitaki wazee wa watu walale chini kwa ajili yangu. Nitasaini dakika ileile nitakayojibiwa. Aliyeandika bango aje, mlango hauna kufuli, sitampiga, sitampeleka popote, nitampa chai. Nina neno moja tu la kumwuliza. Alipokuwa anaandika "dakika ishirini", alikuwa anakutazama wewe usoni, Itsue, au alikuwa anatazama saa?