Minazi ya Baada Yangu

Mjukuu wangu Momade,

Salamu kutoka Palma. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike, paa tumeezeka upya, na mguu wangu, ambao hukuulizia hali yake, bado unauma.

Umeuliza mbona sitaki twende kwa notário, yule mthibitishaji hati wa serikali, niandike kwamba shamba la minazi litakuwa lako nikishakufa.

Mjomba wangu aliandika hivyo. Minazi arobaini na miwili: mkewe aangue nazi maisha yake yote, akifa minazi iwe yangu. Nilikuwa kijana sina kitu, nikafurahi. Kila mwezi nilikwenda kuihesabu, shina kwa shina. Siku moja nilimkuta huyo mama, sasa mjane wa mjomba, anakohoa kibarazani, nikampita moja kwa moja hadi shambani. Niliporudi akaniuliza, "Mwanangu, leo imetimia?"

"Imetimia, mama. Arobaini na miwili."

"Na siku zangu umehesabu zimebaki ngapi?"

Aliishi miaka kumi na tisa zaidi, na kila nilipompa salamu niliona haziamini. Minazi niliipata. Yule mama sikumpata tena.

Basi hiyo karatasi sitaandika. Ila minazi saba ya upande wa kisimani nimekupa tangu leo, mbele ya mashahidi wawili, nami ningali hai. Iliyobaki mtagawana kwa sheria ya dini. Njoo uangue nazi zako. Lakini ukifika, anzia kibarazani.

Babu yako