Kitambaa Alichokata Tabita

Mbozi Mission,
Kwa njia ya Mbeya,
Tanganyika.
21 Juni 1953

Mpendwa Kaka Ambilikile,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Kifua chako je, na vumbi la mgodi? Sisi tu wazima. Mama goti humsumbua asubuhi, likishapata jua analisahau. Baba anachuma kahawa, na sauti yake inasikika hadi barabarani, kwa hiyo ujue hana tatizo.

Barua hii nimeianza na kuichana, maana sijui nishike wapi. Acha nianze na blanketi.

Tangu mvua zilipoisha, mimi na Tabita tunashona blanketi la vipande vya nguo. Bibi wa misioni alitufundisha kukata miraba iliyo sawa na kuipanga mistari mistari. Tulianza hivyo, kisha Tabita akaweka kipande cha kaniki nyeusi kilichopinda juu ya mraba wa khaki, akasema, "Enesi, tazama, mlima." Kweli ulikuwa mlima. Hatukukata mraba tena.

Masalio tunayaokota kwa Fundi Ezron kule Vwawa, naye anasema tunamfagilia kibaraza bure. Khaki imekuwa nyasi za kiangazi, kitambaa cheupe cha marekani kimekuwa ukungu, na gauni langu la shule la buluu limekuwa mto. Hatukuchora chochote. Mmoja anaweka, mwenzake anaondoa. Mama alipoliona aliuliza kama ule mto ndiyo barabara ya Tunduma, akaligeuza, na kwa muda hata mimi sikujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Katikati tuliacha pengo. Hatukuambiana ni la nini, lakini sote tulijua: hapo ingekaa nyumba, siku utakayokuja. Ulipoondoka ulimwambia Tabita kwamba utatuma mtu kwa baba yake. Amekungoja, kahawa imechumwa na kuchumwa tena, na barua yako ya mwisho ilijaa habari za baiskeli.

Mwezi uliopita mshenga alifika kwao kutoka Itaka, kwa niaba ya Lusubilo, yule anayefundisha kwaya. Alileta kitambaa kizuri cha kijani. Utaratibu wetu unaujua: kitambaa cha mshenga hukaa kimekunjwa. Kikirudishwa kizima, yameisha bila chuki. Kikikatwa, msichana amekubali. Mama yake Tabita alikiweka juu ya sanduku, na bibi yake kila asubuhi anakisalimu, "Umelalaje, mkwe?" Tulikuwa tunacheka.

Jumamosi ya wiki iliyopita Tabita alikuja na blanketi kikapuni. Nilipolikunjua, pengo halikuwepo. Palikuwa na shamba la kahawa, kijani kibichi, limekaa vizuri kuliko chochote tulichowahi kushona. Mimi nilisifu kwanza, Kaka. Nilimwuliza amekipata wapi kijani kizuri namna ile, kabla akili yangu haijafika. Halafu ikafika.

"Tabita, hiki ni cha mshenga."

"Tulikosa kijani," akasema.

"Kwa hiyo umekubali?"

"Nimekata pembe tu."

"Pembe nayo ni kukata."

Akawa anavutavuta uzi uliotokeza. Ndipo nikaona kwamba kipande kile hakukishona kwa mshono wetu mdogo mdogo. Alikipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikiza, ambayo ukivuta uzi inatoka yote. Nikamwuliza kwa nini.

"Muulize kaka yako," akasema. Akachukua kikapu, akaenda, blanketi akaniachia.

Tangu hapo nimekaa nalo magotini. Nikiutazama ule mkasi ulivyopita, naona amekubali. Nikiitazama ile bandi, naona bado anangoja. Au alisahau tu kile ni kitambaa gani, maana tukishika kazi hii hata uji unapoa pembeni. Au amekasirika, nawe, au nami. Shuleni nilifundishwa mengi na sasa ninawafundisha wengine, lakini hili silielewi.

Kwao hawajajua. Mshenga atarudi kahawa ya kwanza ikishachumwa. Watakikunjua mbele yake na pembe haitakuwepo, na hapo hakuna atakayemwuliza Tabita anataka nini. Jibu litakuwa limeshatoka. Kitambaa kama kile kipo dukani Vwawa. Ningeweza kununua kingine tukakiweka mahali pake, kirudi kizima. Lakini kwa neno la nani? Ikiwa wewe humtaki, nitakuwa nimemwondolea mtu mwema bure.

Kaka, hata ninachokuomba sikijui sawasawa. Lusubilo akimwoa, Tabita atakuwa Itaka, nitakwenda kwa miguu na tutashona barazani kwake. Wewe ukimwoa utamchukua aje huko Kitwe, nami nitabaki kumwandikia kama ninavyokuandikia wewe. Jana nilipokuwa nikichuma kahawa nilitambua kwamba upande mmoja wa moyo wangu unaomba usijibu. Nikaona haya. Ndiyo maana barua hii nampa Kefa leo, anayekwenda Tunduma na lori, kabla upande huo haujashinda.

Jibu lako usiniletee mimi. Mwandikie Tabita mwenyewe, ndiyo au hapana, na uandike upesi.

Nisalimie Baba Mdogo Timotheo na Mama Nesta, na watoto wote ambao sijawaona. Baba anauliza kama koti lilifika. Mama anasema ule vizuri.

Mungu akulinde juu ya ardhi na chini yake.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,

Enesi