Demo ya Ndege na Vidole vya Kaka Shaibu

Jumamosi, Ruangwa. Tangu asubuhi wingu limetanda upande wa Nachingwea na mvua haiji. Joto linakaba. Nimeamka mapema kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo, ila mimi sisubiri majibu. Namsubiri mjomba.

Mjomba anakuja kesho kumchukua kaka yangu.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa hakijatulia. Kaka Shaibu ni mkubwa wangu, kwa mama tumezaliwa wawili tu. Ni seremala. Mlango wa nyumba hii kautengeneza yeye, na meza ninayoandikia pia. Kiangazi kilipoanza alikuwa anatoka Nachingwea kwa bodaboda, pikipiki ikateleza kwenye kokoto, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa umeunga vizuri. Kilichoumia ni mishipa ya fahamu, na vidole vimelala. Yule dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alitueleza wazi: havijafa, vimelala, lakini visipofanyishwa kazi miezi hii vitajikunja na vitabaki hivyo.

Tangu hapo anakaa kwangu, na mama amehamia hapa kutusaidia. Mama ndiye aliyekuwa anamwagia kunde kwenye sinia ili kaka aziokote moja moja, kama tulivyoelekezwa. Alizivumilia siku chache. Kisha asubuhi moja akalipindua sinia kwa mkono mzima, kunde zikatapakaa hadi chini ya kabati, akasema hiyo ni kazi ya watoto wa chekechea. Hospitali hajarudi tena. Chakula anakula peke yake chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu hataki mtu amwone anakula kwa mkono wa kushoto.

Mjomba alipopata habari aliamua: Shaibu akakae shambani Nambilanje, kwenye mikorosho, apumzike na macho ya watu. Kwetu neno la mjomba likishatoka limetoka. Wala hana nia mbaya, anampenda. Kilichonitisha ni kaka mwenyewe. Alikubali hapo hapo, bila hata kuuliza atakaa muda gani.

Kutoka Nambilanje kuja hospitali si mbali kwa mtu anayetaka kupona. Kwa mtu asiyetaka, ni mbali kuliko Dar es Salaam.

Na nikiri hapa mtandaoni, ambako wengi hamnijui sura: kuna upande wangu ulifurahi aliposema ataenda. Nimechoka kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilifurahi kidogo tu, kisha nikajichukia.

Sasa, juzi nilirudi kutoka kazini nikilalamika. Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale karibu na stendi, na mashine ya kuchapa ilikuwa imenisumbua kutwa nzima. Namsimulia mama huku navua viatu. Mara kaka akatokea mlangoni kwake, akauliza ile diski ya ndege iko wapi siku hizi.

Kiatu kimoja kilibaki mkononi mwangu. Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya wiki nyingi.

Diski ya ndege ni ya utotoni. Marehemu baba alinunua kompyuta kuukuu kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama Nachingwea, na ndani ya boksi kulikuwa na diski yenye gemu la ndege ya mizigo. Halikuwa gemu kamili, lilikuwa demo, kionjo tu: bonde moja, kilima kimoja kikali, mto, na kiwanja kidogo cha kutua mwishoni. Ukitua, maandishi yanakuambia ukanunue gemu lenyewe. Hatukujua hata pa kulinunulia. Tulilirudia lile bonde moja miaka na miaka. Mimi nilikuwa naanguka kilimani. Shaibu ndiye aliyekuwa anatua.

Kwa hiyo jana nilipanda gari kwenda Nachingwea, nikafungua nyumba ya wazazi, nikapekua sanduku la bati hadi chini kabisa. Diski nilikuta imeshikana na picha za harusi ya shangazi. Ilikuwa na vumbi na mikwaruzo mingi kama imeparuliwa na kuku. Niliiosha kwa sabuni ya maji na kuipangusa kwa ncha ya khanga. Sikumwambia mtu. Kompyuta yangu ya siku hizi haina hata pa kuingizia diski, ikabidi mwenzangu wa kazini aniazime kile kisomeo cha kuchomeka kwa waya.

Leo baada ya chakula cha mchana niliweka vyote sebuleni, mezani. Sikumwita. Nilijua atasikia.

Kisomeo kilianza kuzungusha diski kwa mlio wa mashine ya kusaga nafaka. Kaka alitoka chumbani, akakaa kwenye mkeka nyuma yangu, mgongo ukutani, mkono wa kulia ameuficha ndani ya shati kama kawaida yake.

Kompyuta ilikataa mara ya kwanza. Ikasema programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Hilo nilishalitegemea, na kazini nilikuwa nimepakua programu moja inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Nikaifungua. Skrini nyeusi, maandishi meupe, unaandika amri mwenyewe kwa vidole. Nikaandika, nikakosea, nikaandika tena. Usakinishaji ukaanza. Mafaili yakawa yanapita moja baada ya jingine, kisha moja likagoma. Diski ikawa inakwama, inajaribu, inakwama.

Nyuma yangu nikasikia mkeka unalia. Alikuwa anasimama.

"Acha, Somoe," alisema. "Kitu kikishakufa kimekufa."

Sikumgeukia. Ningemgeukia angeona machozi. Nilimwomba anipe muda kidogo tu, nikaitoa diski, nikaipulizia pumzi, nikaipangusa kuanzia katikati kwenda ukingoni, nikairudisha. Ngurumo ya kwanza ikapiga. Taa ikafifia ikarudi, na chaji ya kompyuta yangu huwa haidumu, kila mtu kazini anajua. Mama akapita mlangoni akatuangalia, akanong'ona dua yake kwa Kimwera, akarudi jikoni.

Faili likapita.

Nikashusha pumzi mapema mno, maana ikaja sehemu ya mipangilio. Gemu za zamani zinakuuliza kila kitu, hadi kifaa cha sauti ulichonacho. Nikachagua cha kwanza, kila kitu kikaganda. Nikafunga, nikaanza upya. Nikachagua kingine, ikaganda tena. Kaka alikuwa bado amesimama. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta, kwamba baba alikuwa akishuka hadi cha tatu. Nikashuka hadi cha tatu. Ukalia muziki, ule ule, wa kinanda kibovu.

Alikaa.

Hapo nikafanya jambo ambalo nilidhani ni la busara. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuchagua vitufe vya kuongozea ndege. Zamani tulitumia mishale, iliyo upande wa kulia wa kibodi. Mimi nikaihamishia kwenye herufi za kushoto, upesi upesi, nikiwa nimeikingia skrini kwa bega asione. Nilitaka acheze, basi. Nilitaka atue walau mara moja kabla ya kesho.

Jaribio la kwanza lilikwenda kasi ya ajabu, ndege ikapiga kilima kabla sijagusa kitu, kwa kuwa kompyuta za leo zina mbio kuliko zile. Nikapunguza kasi, nikapunguza tena, hadi bonde likawa linakuja taratibu kama tulivyolizoea. Ndipo nikampisha kiti.

Alikaa. Akaweka mkono wa kushoto kwenye kibodi, akabonyeza mishale, kwa kuupindisha mwili. Ndege haikugeuka. Nikamwambia ajaribu herufi za upande ule. Akajaribu, ndege ikaitika, ikalala kushoto vizuri kabisa.

Akaondoa mkono. Akaiacha ndege ikaanguke yenyewe.

"Nani kabadilisha?"

"Mimi, kaka. Nimeona itakuwa rahisi kwako."

"Rudisha."

Nikaanza kumweleza kwamba ni gemu tu, kwamba hakuna anayetuona. Alinitazama na sikuona hasira usoni pake, afadhali ingekuwa hasira. Alionekana kama mtu aliyeshikwa mkono kuvushwa barabara ambayo alikuwa anaivuka.

"Kila mtu humu ameshauzika huu mkono," alisema. "Mama, mjomba, wewe. Rudisha vitufe vilipokuwa."

Nikarudisha.

Akautoa mkono wa kulia ndani ya shati. Ni muda mrefu sijauona. Umekonda, ngozi inang'aa. Akaunyanyua kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya mishale, akapanga kidole kimoja kimoja mahali pake kama anavyopanga misumari kabla ya kugonga. Kisha akaanza.

Ndege ikaenda moja kwa moja, ikapiga kilima.

Akarudia. Ikapiga kilima.

Mvua ikaanguka kwa mkupuo, ikafunika muziki, na umeme ukakatika. Kompyuta ikabaki kwa chaji yake, skrini ikififia. Nilitaka kumwambia tuache, tuhifadhi chaji. Nikajing'ata ulimi. Akarudia, akapiga, akarudia. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Mama alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, na mimi nikamwashiria asiseme kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mama akanitii.

Mara ngapi sijui. Sikuhesabu, nilikuwa naangalia kidole cha shahada. Nilikuwa nakiangalia mpaka macho yananiuma. Na kikashuka. Kidogo sana, kama mtu anayetikisa kichwa usingizini, lakini kilishuka, na kitufe kikabonyea, na kwenye skrini ile ndege ikalala kushoto.

Haikutosha. Bawa liligusa kilima, ikaanguka kama zote zilizotangulia.

Kaka aliutazama mkono wake, halafu akaniangalia mimi, akataka kujua kama nimeona. Nikasema nimeona. Akamgeukia mama. Mama naye akasema ameona, akaketi chini pale pale mlangoni, mwiko mapajani.

Alijaribu tena hadi chaji ikaisha. Kidole kiliitika mara nyingine mbili hivi, mara nyingi kilikataa. Kilima hakukipita. Skrini ilipozima alibaki amekaa mbele ya kioo cheusi, anausugua ule mkono kwa mwingine, anapumua kama mtu aliyepandisha mbao juu ya paa.

Kisha akasema, "Mama, kesho mjomba nitaongea naye mwenyewe. Nitamwambia siendi."

Mama alianza kusema kwamba mjomba ameshapanga, ameshamwandalia na chumba. Kaka akamjibu kwa upole kwamba anajua, na ndiyo maana anataka kumwambia yeye, asisikie kwa mtu mwingine. Halafu akaniuliza yule dada wa mazoezi anapatikana siku zipi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuoga.

Sasa ni jioni, umeme umerudi, mvua imebaki matone. Naandika haya sebuleni na bado sijatulia. Mjomba si mtu wa kukataliwa kirahisi. Atauliza kilichobadilika tangu kaka alipokubali, na nani atamweleza mzee wa heshima zake kwamba kilichobadilika ni kidole kimoja kugusa kitufe cha gemu? Atadhani tunamchezea. Huenda akanuna. Huenda akamgeukia mama, na mama akishanyooshewa kidole na kaka yake huwa anarudi nyuma.

Nimeshapanga kichwani maneno ya kumtetea Shaibu. Nimeyapanga vizuri, na mifano, na aliyoyasema yule dada wa hospitali. Ni maneno mazuri kweli.

Na yote inabidi niyameze. Nimeona uso wake leo nilipomhamishia vitufe, sitaki kuuona tena. Kesho nitapika, nitamkaribisha mjomba, nitamnawisha mikono, nitakaa pembeni. Kaka akikwama katikati ya sentensi, nitamwacha akwame hadi ajikwamue.

Nitaweza kweli?