Mashati ya Kaka Elia

Bredäng, Stockholm

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, umeanza kukanyaga vizuri? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia. Rehema mdogo wangu, hii msomee Mama polepole.

Mchana bado nafanya usafi kule Märsta, jioni nawaunganishia watu video za harusi kwenye kompyuta. Sasa kwaya yetu inatengeneza filamu ya mama aliyefiwa na mtoto. Mimi nilikuwa wa kuunganisha picha tu, sisemi na mtu. Kaka aliyekuwa anaongoza akabadilishiwa zamu kazini, wenzangu wakasema, "Mpeni huyu bubu, si picha zote anazo yeye!" Wakacheka. Ndiyo nikawa dairekta, Mama, na sauti yangu unaijua.

Jumamosi tulikuwa kwa Mama Neema, Mrundi, ndiye anacheza huyo mama. Akalia kwa kelele, akajitupa kwenye kochi, wakampigia makofi. Mimi nikaona si hivyo. Nikamnong'oneza, "Mama, usilie. Kunja mashati yake tu. Moja likikataa kukaa sawa, likunjue uanze upya." Akafanya. Hata binti yake aliyekuwa anapiga Kiswidi kwenye simu akaishusha.

Sasa sisi wa kuunganisha tumezoea kila kitu kiwe na picha mbili, moja ikiharibika ipo nyingine. Maneno yakanitoka, "Vizuri. Turudie."

Akaniangalia. "Turudie nini, wewe mtoto? Unajua mimi nimezika wangapi?" Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Sikujua, Mama. Kesho yake nikaenda kumwomba radhi, nikasimama pale mlangoni. Akasema, "Ingia, bubu. Ile sirudii. Lakini usiitupe. Nani alikufundisha vile?"

Aliyenifundisha ni wewe, Mama yangu. Tulipomzika Kaka Elia nilikuona kwenye upenyo wa mlango ukikunja mashati yake, wewe hukuniona, na hatujawahi kuliongelea. Nimechukua kitu chako nikakitoa kwa watu bila kukuuliza. Pasaka wataionyesha kanisani. Ukisema nitoe, natoa, hata filamu ikiharibika. Ukisema ibaki, niambie lile shati la mwisho ulilipeleka wapi, maana mimi niliondoka mlangoni hujamaliza.

Rehema akurekodi kwenye simu, nataka nisikie sauti yako.

Msalimie baba mdogo kinyozi, na shangazi wa dagaa mwambie koti lake nalivaa mpaka ndani ya nyumba.

Ni mimi mwanao,
Yona